Dell U2723QE mpya au P2419H ya mtumba: skrini ipi inamfaa anayeshinda akisoma na kuandika

Katika maduka ya kompyuta, swali la kwanza analoulizwa mnunuzi wa skrini ni la inchi, na mara nyingi huwa ndilo la mwisho pia. Inchi zina umuhimu wake, lakini hazimwambii mtu kama herufi zitasomeka vizuri, kama rangi za picha zitaonekana zilivyo, wala kama shingo yake itavumilia kutwa nzima ya kazi. Tathmini hii inahusu skrini mbili ninazozitumia Dar es Salaam katika kazi ya kuhariri miswada na kupanga kurasa: Dell U2723QE ya inchi 27, iliyotangazwa mwanzoni mwa mwaka 2022, na Dell P2419H ya inchi 24, iliyotoka mwaka 2018, ambayo siku hizi huuzwa mtumba baada ya kutumika katika ofisi za Ulaya. Zimeachana sana kwa bei, kiasi kwamba fedha za kununua moja iliyo mpya zinatosha kununua kadhaa za mtumba. Kwa hiyo kuuliza ipi ni bora hakusaidii mpaka kwanza isemwe ni bora kwa kazi gani, na kwa macho yaliyo umbali gani kutoka kwenye kioo.

Jambo la kujua kabla ya inchi ni ukubwa wa pikseli, yaani zile nukta ndogo ambazo skrini huzitumia kuchora kila herufi na kila picha. P2419H ina pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, jumla takriban milioni 2.07, na kila moja ina upana wa milimita 0.27. U2723QE ina pikseli 3840 kwa 2160, jumla takriban milioni 8.3, na kila moja ina upana wa milimita 0.155 tu. Jicho lenye afya, likiwa umbali wa sentimita 60, huweza kutenganisha alama zilizoachana kwa takriban milimita 0.17. Maana yake ni kwamba katika U2723QE pikseli ni ndogo kuliko kile ambacho jicho linaweza kukibagua kwa umbali wa kawaida wa meza, na ndiyo sababu herufi zake zinaonekana kama zimepigwa chapa kwenye karatasi nzuri. Katika P2419H ukikaza macho bado unaona vijingazi, yaani kingo zenye umbo la ngazi, kwenye mikunjo ya herufi, hasa herufi ndogo za tanbihi, ingawa kwa matini ya kawaida haviudhi.

Sasa chukua skrini ya inchi 27 yenye pikseli 1920 kwa 1080, ya aina ambayo imejaa madukani kwa sababu inaonekana kubwa na bei yake ni nafuu. Pikseli zake ni zile zile milioni 2.07 za skrini ya inchi 24, ila zimetandazwa kwenye kioo kipana zaidi, na kila moja imefikia milimita 0.31. Haionyeshi hata mstari mmoja wa maandishi zaidi ya P2419H. Inaonyesha mistari ile ile kwa herufi kubwa zaidi na zenye kingo mbaya zaidi. Kwa mtu anayekaa mbali, au mwenye macho yaliyochoka anayetaka kila kitu kiwe kikubwa bila kugusa mipangilio yoyote, inaweza kufaa. Kwa mtu anayeandika, anayehariri au anayesoma mikataba, ninamshauri aiache, hata kama ni mpya na ipo ndani ya boksi lake. P2419H ya mtumba iliyo nzima inaishinda, na fedha inayobaki inunue kiti kizuri. Anayetaka inchi 27 lakini hawezi bei ya U2723QE atafute yenye pikseli 2560 kwa 1440, ambayo pikseli yake ni milimita 0.23. Hiyo ni njia ya katikati yenye heshima.

Kwa anayeshughulika na kurasa kuna kipimo kingine ambacho maboksi hayakitaji, nacho ni karatasi ya A4, yenye kimo cha milimita 297 na upana wa milimita 210. Kioo cha P2419H kina kimo cha karibu milimita 296 na upana wa milimita 527. Ukurasa wa A4 ukionyeshwa kwa ukubwa wake halisi unakijaza kimo chote, na kurasa mbili zinakaa ubavu kwa ubavu na nafasi ikabaki pembeni. Kasoro ni kwamba menyu za programu na utepe wa chini wa Windows hula sehemu ya kimo hicho, hivyo kwa vitendo ukurasa hupunguzwa kidogo. U2723QE ina kimo cha milimita 336 na upana wa karibu 597, na hapo kurasa mbili zinaingia zikiwa kamili, menyu zikiwa juu yake. Tangu nianze kuhakiki kurasa kwa namna hii nimepunguza sana uchapishaji wa nakala za kusahihishia, kwa sababu kasoro za mpangilio, kama mstari mmoja wa aya kubaki peke yake juu ya ukurasa, zinaonekana kwa ukubwa ule ule ambao msomaji wa kitabu ataziona.

Hapa inafaa kuitaja skrini ya tatu, Dell U2412M, ambayo ilitoka mwaka 2011 na bado inaonekana katika maduka ya mtumba. Umbo lake ni la uwiano wa 16 kwa 10, na pikseli zake ni 1920 kwa 1200, hivyo kioo chake kina kimo cha milimita 324, kirefu kuliko cha P2419H. Kwa maandishi ni umbo zuri sana, na ninasikitika kwamba watengenezaji wengi waliliacha wakafuata umbo la filamu. Hata hivyo siipendekezi tena kwa moyo mmoja. Haina tundu la HDMI, na hupunguza mwangaza kwa kuwasha na kuzima taa yake ya nyuma kwa kasi, jambo ambalo baadhi ya watu hawalihisi kabisa na wengine huwaletea maumivu ya kichwa ifikapo jioni. Ukiielekezea kamera ya simu baada ya kupunguza mwangaza, mara nyingi utaona michirizi ikitembea juu ya kioo. P2419H haina tatizo hilo.

U2723QE yenyewe ina mengi ya kusifiwa, na la kwanza ni hizo herufi. Mtu asidhani kwamba pikseli nyingi maana yake ni maandishi madogo yasiyosomeka. Windows na macOS hukuza maandishi, na katika Windows ukiweka ukuzaji wa asilimia 150, nafasi ya kazi inakuwa sawa na ya skrini ya 2560 kwa 1440, ila kila herufi inachorwa kwa nukta nyingi zaidi. Tatizo linabaki kwa programu za zamani ambazo hazikuandikwa kwa kuzingatia ukuzaji huo: maandishi yake huwa na ukungu. Ofisi inayotegemea programu ya uhasibu ya miaka mingi iliyopita iijaribu kwanza programu hiyo kwenye skrini ya aina hii kabla ya kulipa.

La pili ni weusi. Skrini za kawaida za IPS, aina ya kioo ambayo rangi zake hazibadiliki sana ukiitazama kwa pembeni, huwa na uwiano wa karibu 1000 kwa 1 kati ya weupe na weusi, na usiku, taa ya chumba ikizimwa, weusi wake huonekana kijivu. U2723QE ilikuwa kati ya za kwanza kutumia kioo cha IPS Black kutoka LG Display, chenye uwiano wa 2000 kwa 1. Tofauti inaonekana kwa macho, ingawa haifikii skrini za VA, aina nyingine ya kioo, ambazo mara nyingi hufika 3000 kwa 1, wala OLED, ambayo huizima kabisa pikseli nyeusi. Hata hivyo VA hubadilika rangi ukiitazama kwa pembeni, na OLED ikionyesha utepe ule ule na menyu zile zile kutwa nzima, mwaka hadi mwaka, ina hatari ya kubaki na kivuli chake. Kwa kazi ya maandishi ninabaki na IPS.

La tatu, ambalo sikulithamini ipasavyo mpaka nilipolizoea, ni kebo moja ya USB-C. Kebo hiyo hupeleka picha, huchaji kompyuta mpakato kwa hadi wati 90, na huunganisha kibodi, kipanya, diski ya nje na hata kebo ya mtandao, kwa kuwa skrini ina tundu lake. Meza inabaki safi, na mtu anayebeba kompyuta kwenda na kurudi ofisini huchomeka kitu kimoja akaanza kazi. Skrini pia huweza kuunganishwa na kompyuta mbili na kutumia kibodi moja na kipanya kimoja kwa zote. Kwa mtu mwenye kompyuta ya mwajiri na yake binafsi, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuinunua. Umeme unapokatika kompyuta mpakato huendelea kwa betri yake, lakini skrini huzimika, na wenye kazi isiyosubiri watahitaji UPS ndogo. Skrini hizi hazili umeme mwingi kiasi cha kuilemea.

Sifa moja iliyoandikwa kwenye boksi lake ni ya kupuuzwa, nayo ni HDR, yaani uwezo wa kuonyesha mwanga mkali na giza zito kwa pamoja. Cheti chake ni DisplayHDR 400, daraja la chini katika viwango vya VESA, shirika linaloweka viwango vya skrini, na skrini haina taa za nyuma zinazoweza kuzimwa sehemu kwa sehemu. Ukiwasha HDR katika Windows picha haipati ule mng'ao unaotarajiwa, na wakati mwingine rangi za kawaida huonekana zimefifia. Mimi nimeizima. Vivyo hivyo, hii ni skrini ya hezi 60, yaani hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, isiyofaa kwa mchezaji wa michezo ya kasi. Mchezaji atafute ya hezi 144 au zaidi, ambayo hubadilisha picha kila baada ya milisekunde 6.9 badala ya 16.7, na asiamini sana maandishi ya milisekunde 1, yaani muda wa pikseli kubadilika rangi, kwa sababu kasi hiyo hupatikana kwa mpangilio wa juu kabisa ambao mara nyingi huacha vivuli nyuma ya vitu vinavyosogea.

Mpiga picha au mbunifu wa mabango ana hesabu yake. Asome asilimia ya rangi za sRGB, wigo wa rangi unaotumika mtandaoni, na aogope tangazo linalosema asilimia 45 ya NTSC, wigo wa zamani wa televisheni, kwa maana kioo cha namna hiyo huonyesha rangi zilizopauka, na kitenge chekundu kitaonekana cha machungwa. P2419H inatajwa na Dell kuwa na asilimia 99 ya sRGB, na kwa kazi za kuwekwa mtandaoni inatosha. U2723QE inafika asilimia 100 ya sRGB na asilimia 98 ya DCI-P3, wigo mpana zaidi wa rangi za filamu, lakini upana huo una mtego wake: programu isiyojua kusimamia rangi itazionyesha zimekolea kuliko zilivyo. Anayetuma kazi kwa wateja wanaotazama kwa simu aiweke skrini katika mpangilio wake wa sRGB na kuiacha hapo.

Mhasibu, karani wa forodha, au mtu yeyote anayelinganisha orodha mbili kutwa nzima, kwa maoni yangu haihitaji U2723QE. Anahitaji P2419H mbili, kitabu cha Excel kikiwa kwenye moja na taarifa ya benki kwenye nyingine, na atatumia fedha pungufu kuliko za U2723QE moja. Mwanasheria na mwandishi wa programu wanaweza kuisimamisha mojawapo wima, kwa kuwa stendi yake inaruhusu kuizungusha, na hapo hati ndefu husomeka bila kuisogeza mara kwa mara. Kuna pia toleo lenye herufi C mwishoni, P2419HC, lililo na USB-C inayochaji kwa wati 65. Ukilikuta mtumba likiwa zima, usilipite.

Stendi haitajwi sana katika matangazo, na ndiyo inayoamua kama mtu ataipenda skrini yake baada ya mwaka mmoja. Ukingo wa juu wa kioo unatakiwa uwe sawa na macho au chini yake kidogo, na kioo kiwe umbali wa takriban urefu wa mkono. Stendi ya P2419H hupanda na kushuka kwa milimita 130, na ya U2723QE kwa milimita 150. Skrini nyingi za bei nafuu huinama mbele na nyuma tu, na wenye nazo huishia kuzipandisha juu ya vitabu. Kuhusu mwanga, P2419H ina niti 250 (niti ni kipimo cha mwangaza wa kioo), ambazo zinatosha ikiwa dirisha liko ubavuni, lakini katika chumba chenye jua la alasiri la pwani niti 400 za U2723QE huonekana kuwa na faida.

Kuna wanaotumia televisheni ya inchi 32 kama skrini ya kompyuta. Televisheni nyingi za ukubwa huo zina pikseli 1366 kwa 768, karibu nusu ya zile za P2419H. Kwa filamu ni sawa. Kwa maandishi ni adhabu kwa macho.

Mnunuzi pia awe makini na kauli ya kwamba skrini "inakubali 4K." Kukubali maana yake ni kwamba inaweza kupokea picha ya 4K, yaani ya pikseli 3840 kwa 2160, na kuipunguza iingie kwenye pikseli zake chache. Swali sahihi la kumuuliza muuzaji ni hili: "Kaka, kioo chenyewe kina pikseli ngapi kwa ngapi?" Kama hajui, namba ya toleo iliyobandikwa nyuma itatoa jibu kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kebo nayo huharibu kazi nzuri. HDMI ya kiwango cha 1.4 hupitisha 4K kwa hezi 30 tu, na mshale wa kipanya huonekana ukirukaruka. Si kila tundu la USB-C la kompyuta hutoa picha. Na wenye MacBook wajue kwamba macOS haiwezi kueneza kazi kwenye skrini mbili zilizounganishwa kwa mnyororo wa DisplayPort, yaani skrini ya pili ikiwa imechomekwa kwenye ya kwanza, jambo ambalo Windows hulifanya. Ukinunua P2419H ya mtumba huenda ukapewa kebo ya VGA. Itafanya kazi, ila picha hupelekwa kwa mawimbi ya analogi na herufi hupoteza ukali. Nunua ya HDMI au DisplayPort siku hiyo hiyo.

Linabaki suala la kuikagua skrini ya mtumba, na hapa mnunuzi asione haya kuomba muda. Nenda na kompyuta yako mpakato na kebo yako. Omba iwashwe na iachwe ikiwaka kwa muda kabla hujaanza kuitazama, kwa sababu taa ya nyuma iliyochoka huweza kuonekana nzuri dakika za mwanzo. P2419H ina jaribio lake la ndani ambalo wauzaji wengi hawalitumii: ichomoe kebo ya picha, kisha bonyeza kitufe cha kwanza na kukishikilia kwa sekunde 5, nayo itaonyesha kioo cha kijivu, na kila ukibonyeza tena itapita kwenye nyekundu, kijani, bluu, nyeusi, nyeupe na maandishi. Kwenye nyeupe tafuta nukta nyeusi na sehemu zilizogeuka manjano. Kwenye nyeusi tafuta nukta zinazowaka na mwanga unaovuja pembeni. Kwenye kijivu tazama kwa makini sehemu ya chini, kwani skrini iliyotoka ofisini mara nyingi hubaki na kivuli cha utepe wa Windows. Pikseli moja iliyokufa pembeni kabisa inavumilika na inaweza kukupunguzia bei. Kivuli au umanjano hauvumiliki. Mikwaruzo kwenye utando wa juu usiong'aa haifutiki, hata muuzaji akisema ni vumbi.

Kagua pia kama stendi ni yake yenyewe, maana nyingine huuzwa na stendi ya toleo jingine isiyopanda wala kushuka. Ikiwa haipo kabisa, mashimo manne ya nyuma, yaliyopangwa kwa milimita 100 kwa 100, yatapokea mkono wa mezani au wa ukutani. Umeme hauna tatizo, kwa sababu skrini hizi hupokea volti 100 hadi 240, na iliyotoka Uingereza huja na plagi ya pini tatu inayoingia kwenye soketi zetu. Iliyotoka bara la Ulaya itahitaji kubadilishiwa waya wa umeme, ambao ni ule ule wa kompyuta za mezani. Kibandiko cha nyuma kina mwezi na mwaka wa kutengenezwa pamoja na namba ya huduma, ambayo ukiiingiza kwenye tovuti ya Dell utaona kama dhamana bado ipo. Kwa P2419H za 2018 na 2019 dhamana kwa kawaida imekwisha, hivyo patana na muuzaji haki ya kuirudisha ndani ya siku chache, na aiandike kwenye risiti pamoja na namba hiyo ya huduma.